Wastani Hausemi Yote: Vipimo vya Mtawanyiko na Umbo la Data katika Taaluma ya Kiswahili

Utangulizi

Methali mbili zifuatazo hazihitaji kufafanuliwa kwa mwanafunzi wa Kiswahili: "Haraka haraka haina baraka" na "Mtaka cha mvunguni huinama". Iwapo maana zake zitawekwa kando kwa muda na silabi zikahesabiwa, itabainika kwamba kila methali ina maneno 4 na jumla ya silabi 12. Kwa hivyo, kila moja ina wastani wa silabi 3 kwa neno. Kwa mujibu wa wastani, methali hizi zinalingana kabisa. Hata hivyo, sikio la msomaji halikubaliani na hukumu hiyo. Methali ya kwanza inakwenda kwa hatua sawasawa: 3, 3, 3, 3. Ya pili inaanza na 3, inajibana katika 1, kisha inapanuka kuwa 4 na 4. Tofauti ambayo sikio limeitambua papo hapo ndiyo ambayo wastani umeificha.

Makala haya yananuia kuelezea vipimo vinavyoifichua tofauti hiyo, yaani vipimo vya mtawanyiko, pamoja na dhana ya umbo la data. Suala hili lina uzito kwa mwanafunzi wa lugha na fasihi. Tafiti nyingi za Kiswahili hutegemea hojaji, alama za mitihani na idadi za vipashio vya lugha. Mtafiti anapokusanya data kwa jasho kisha akaripoti wastani peke yake, huenda akatoa hitimisho ambalo data yenyewe inalikanusha. Aidha, mwalimu anayesoma wastani wa darasa lake bila kutazama mtawanyiko anaweza kumpoteza mwanafunzi anayehitaji msaada ilhali takwimu zinamwambia kwamba mambo ni shwari.

Istilahi mbili zitatumiwa katika mjadala huu wote. 'Mtawanyiko' ni kiwango ambacho thamani katika data zimekaribiana au zimetengana. 'Msambao' ni namna ambavyo thamani hizo zimepangika: zimelundikana wapi, zimepungua wapi, na mkia wake umeelekea upande gani. Mtawanyiko huelezwa kwa tarakimu, na msambao hudhihirika zaidi kwa mchoro.

Wastani, mediani na mipaka yake

Wastani hupatikana kwa kujumlisha thamani zote na kugawanya jumla hiyo kwa idadi ya thamani. Mediani ni thamani iliyo katikati baada ya thamani zote kupangwa kuanzia ndogo hadi kubwa. Modi ni thamani inayojitokeza mara nyingi kuliko nyingine. Vipimo hivi vitatu hujibu swali moja: kitovu cha data kiko wapi? Havijibu swali la pili: thamani ziko mbali kiasi gani na kitovu hicho?

Nchini Kenya, athari ya kulipuuza swali la pili inaonekana wazi katika matokeo ya mtihani wa KCSE. Kwa miaka mingi shule zimekuwa zikijipima kwa wastani wa alama katika ngazi ya 1 hadi 12, ambapo gredi ya E huhesabiwa kuwa 1 na gredi ya A kuwa 12. Tuchukulie shule mbili za kubuni zenye watahiniwa 10 kila moja. Katika shule ya kwanza, watahiniwa wote wamepata gredi ya C, yaani alama 6. Katika shule ya pili, watahiniwa 5 wamepata A-, yaani alama 11, na 5 wamepata E, yaani alama 1. Wastani wa shule ya kwanza ni 6. Wastani wa shule ya pili pia ni 6.

Kiwango cha chini cha gredi ya jumla kinachohitajika ili kujiunga na masomo ya shahada katika vyuo vikuu vya Kenya ni C+, yaani alama 7. Kwa hivyo, katika shule ya kwanza hakuna hata mtahiniwa mmoja aliyefikia kiwango hicho. Katika shule ya pili, nusu ya watahiniwa wamekifikia na nusu nyingine wameambulia gredi ya mwisho kabisa. Mzazi, mwalimu na mwanafunzi katika shule hizi mbili wanaishi katika hali zisizofanana hata kidogo, lakini ubao wa matangazo langoni ungeandikwa tarakimu ileile: 6.

Upana wa data na robo

Kipimo chepesi zaidi cha mtawanyiko ni upana wa data. Hiki hupatikana kwa kutoa thamani ndogo kabisa kutoka kwa thamani kubwa kabisa. Katika methali "Haraka haraka haina baraka", upana ni 3 kutoa 3, yaani 0. Katika "Mtaka cha mvunguni huinama", upana ni 4 kutoa 1, yaani 3. Tayari tofauti iliyofichwa na wastani imejitokeza.

Ubora wa kipimo hiki ni wepesi wake. Udhaifu wake ni kwamba kinategemea thamani mbili tu, nazo ni zile za pembezoni. Tuseme mtafiti wa mtindo amehesabu maneno katika sentensi 7 za aya moja ya riwaya na kupata idadi zifuatazo: 8, 9, 10, 10, 11, 12 na 80. Jumla ni 140, na wastani ni 20. Je, ni kweli kwamba mwandishi huyu huandika sentensi za maneno takribani 20? La hasha. Hakuna hata sentensi moja iliyokaribia idadi hiyo. Sentensi 6 zina maneno 12 au pungufu, na moja ina 80. Sentensi hiyo moja imeuvuta wastani kutoka 10 hadi 20, na imeutanua upana kutoka 4 hadi 72.

Katika hali kama hii, mediani ambayo ni 10 huwakilisha data kwa uaminifu zaidi. Kipimo cha mtawanyiko kinachoandamana na mediani ni upana wa robo za kati. Data hupangwa kwa mfuatano na kugawanywa katika sehemu nne. Robo ya kwanza ni mediani ya nusu ya chini, na robo ya tatu ni mediani ya nusu ya juu. Katika mfano uliotajwa, baada ya kuiweka kando mediani yenyewe, nusu ya chini ni 8, 9, 10 na robo ya kwanza ni 9. Nusu ya juu ni 11, 12, 80 na robo ya tatu ni 12. Upana wa robo za kati basi ni 12 kutoa 9, yaani 3. Sentensi ndefu ya maneno 80 haikuweza kukipotosha kipimo hiki.

Ikumbukwe kwamba thamani iliyojitenga na wenzake si kosa la kufutwa bila kufikiriwa. Huenda imetokana na makosa ya kunakili, na hapo itasahihishwa. Hata hivyo, kwa mhakiki wa fasihi, sentensi ya maneno 80 katikati ya sentensi fupi huenda ndiyo kiini cha aya nzima: pumzi ya mhusika anayekimbia, au mkondo wa mawazo usiokatika. Takwimu humwonyesha mhakiki mahali pa kutazama. Kazi ya kueleza maana inabaki kuwa yake.

Mkengeuko sanifu

Upana hutazama thamani mbili, na upana wa robo za kati hutegemea thamani za mipaka ya robo. Kipimo kinachoishirikisha kila thamani ni mkengeuko sanifu. Jina la kipimo hiki lilianza kutumiwa na mwanatakwimu Mwingereza Karl Pearson katika miaka ya 1890. Wanafunzi wengi wa lugha hukiogopa kwa sababu hukutana nacho kwa mara ya kwanza kikiwa kimevikwa fomula. Hata hivyo, wazo lililo nyuma yake ni jepesi: kwa kawaida, kila thamani iko umbali gani kutoka kwa wastani?

Methali nyingine itafaa kuonyesha hatua zake: "Mtegemea cha nduguye hufa masikini". Idadi ya silabi katika maneno yake ni 5, 1, 3, 2 na 4. Jumla ni 15, maneno ni 5, na wastani kwa mara nyingine ni 3.

Hatua ya kwanza ni kutafuta mkengeuko wa kila neno, yaani tofauti kati ya thamani yake na wastani. Mikengeuko hiyo ni 2, -2, 0, -1 na 1. Ikijumlishwa jinsi ilivyo, jibu ni 0, kwa sababu mikengeuko ya juu na ya chini hufutana. Jambo hili hutokea kwa data yoyote ile. Hii ndiyo sababu ya hatua ya pili: kila mkengeuko huzidishwa kwa wenyewe ili alama ya kutoa itoweke. Hupatikana 4, 4, 0, 1 na 1. Hatua ya tatu ni kutafuta wastani wa miraba hiyo: jumla ni 10, nayo ikigawanywa kwa 5 jibu ni 2. Kiasi hiki huitwa varianzi, istilahi iliyoanzishwa na Ronald Fisher mnamo mwaka wa 1918. Hatua ya nne ni kutafuta kipeo cha pili cha varianzi ili kurejea katika kizio cha awali, yaani silabi badala ya miraba ya silabi. Kipeo cha pili cha 2 ni takribani 1.41. Huo ndio mkengeuko sanifu.

Hatua zizo hizo zikitumiwa kwa "Mtaka cha mvunguni huinama", mikengeuko ni 0, -2, 1 na 1. Miraba yake ni 0, 4, 1 na 1. Wastani wa miraba ni 1.5, na mkengeuko sanifu ni takribani 1.22. Kwa "Haraka haraka haina baraka", kila mkengeuko ni 0, na mkengeuko sanifu vilevile ni 0. Methali tatu zenye wastani mmoja wa 3 sasa zimetofautishwa kwa tarakimu: 0, 1.22 na 1.41.

Tanbihi moja ni muhimu kwa watafiti. Katika mifano iliyotangulia, jumla ya miraba iligawanywa kwa idadi kamili ya thamani kwa sababu methali nzima ilihesabiwa. Pale ambapo data ni sampuli iliyoteuliwa ili kukisia hali ya kundi kubwa zaidi, mgawanyo hufanywa kwa idadi iliyopunguzwa 1. Sababu ni kwamba thamani za sampuli huwa karibu zaidi na wastani wa sampuli yenyewe kuliko zilivyo na wastani wa kundi lote. Bila marekebisho hayo, varianzi ya kundi lote ingekisiwa kuwa ndogo kuliko ilivyo. Programu za lahajedwali katika kompyuta hutoa njia zote mbili, na mtafiti anawajibika kueleza ni ipi aliyoitumia.

Mtawanyiko darasani

Umuhimu wa kipimo hiki hudhihirika zaidi pale kinapohusishwa na watu. Tuchukulie madarasa mawili ya kubuni yaliyofanya mtihani wa insha wenye jumla ya alama 40. Darasa la kwanza lilipata alama zifuatazo: 18, 19, 19, 20, 20, 20, 20, 21, 21, 22. Darasa la pili lilipata: 6, 8, 10, 14, 20, 20, 26, 30, 32, 34. Wastani wa kila darasa ni 20, na mediani ya kila darasa pia ni 20.

Upana wa darasa la kwanza ni 4, na wa darasa la pili ni 28. Upana wa robo za kati ni 2 katika darasa la kwanza na 20 katika darasa la pili. Mkengeuko sanifu ni takribani 1.1 katika darasa la kwanza na takribani 9.8 katika darasa la pili. Vipimo vyote vitatu vinakubaliana kwamba madarasa haya yanahitaji ufundishaji tofauti. Mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kuandaa somo moja likawafaa wote. Mwalimu wa darasa la pili akiandaa somo moja la 'mwanafunzi wa wastani', atakuwa amewafundisha wanafunzi wawili tu. Wale wa 30 na zaidi watachoka, na wale wa 10 na pungufu wataachwa nyuma. Mwanafunzi aliyepata 6 haonekani popote katika tarakimu 20.

Ni kwa sababu kama hii ambapo taarifa ambazo Baraza la Mitihani la Taifa la Kenya limekuwa likitoa kuhusu matokeo ya KCSE hazikuishia kwenye wastani wa alama, bali ziliambatisha na mkengeuko sanifu wa karatasi. Msomaji anayeruka safu hiyo amesoma nusu ya taarifa.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika katika kulinganisha. Katika KCSE, karatasi ya Insha hutahiniwa kwa alama 40, ilhali karatasi ya Fasihi hutahiniwa kwa alama 80. Mkengeuko sanifu wa 6 katika Insha yenye wastani wa 20 si sawa na mkengeuko sanifu wa 6 katika Fasihi yenye wastani wa 40. Njia mojawapo ya kuvilinganisha ni kuugawanya mkengeuko sanifu kwa wastani wake. Katika Insha uwiano ni asilimia 30, na katika Fasihi ni asilimia 15. Kwa hivyo, kwa kulinganishwa na wastani wao, watahiniwa wametawanyika maradufu katika Insha.

Umbo la msambao

Vipimo vya mtawanyiko havitoshi pasipo kutazama umbo la msambao. Umbo linalojulikana zaidi ni msambao wa kawaida, ambao mchoro wake hufanana na kengele: thamani nyingi zimelundikana katikati, na hupungua kwa ulinganifu pande zote mbili. Hesabu ya mkunjo huu ilijitokeza katika kazi ya Abraham de Moivre mnamo mwaka wa 1733, na baadaye ikaendelezwa na Carl Friedrich Gauss mnamo mwaka wa 1809. Katika msambao huu, takribani asilimia 68 ya thamani huwa ndani ya mkengeuko sanifu 1 kutoka kwa wastani, takribani asilimia 95 huwa ndani ya 2, na takribani asilimia 99.7 huwa ndani ya 3.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kila data ina umbo la kengele. Tulirejelee darasa la pili lililotajwa awali. Mkengeuko sanifu 1 chini na juu ya wastani unatupa eneo la kuanzia 10.2 hadi 29.8. Waliomo ndani ya eneo hilo ni wanafunzi 4 tu: wenye 14, 20, 20 na 26. Hao ni asilimia 40, si 68. Data hii haina kengele. Ni watu waliotapakaa, na wengi wao wako mbali na kitovu.

Umbo la pili ni lenye vilele viwili. Tuchukulie utafiti wa kubuni kuhusu mielekeo ya wahojiwa 40 kuhusu matumizi ya Sheng' shuleni, ambapo 1 ni 'napinga kabisa' na 5 ni 'naunga mkono kabisa'. Iwapo wahojiwa 20 watachagua 1 na wengine 20 wachague 5, wastani utakuwa 3. Mtafiti mwenye haraka ataandika kwamba wahojiwa wana msimamo wa kadiri. Ukweli ni kwamba hakuna hata mhojiwa mmoja mwenye msimamo huo. Jamii imegawanyika pande mbili, na wastani umetua mahali pasipo na mtu. Mkengeuko sanifu wa 2 katika ngazi ya 1 hadi 5 ungekuwa onyo tosha, na jedwali la idadi ya waliochagua kila jibu lingemaliza ubishi. Kwa data ya namna hii, jedwali hilo ni la lazima, kwa kuwa umbali kati ya 'napinga' na 'sina hakika' hauwezi kudhaniwa tu kuwa sawa na umbali kati ya jibu jingine na jirani yake.

Umbo la tatu ni lililoelemea upande mmoja, lenye mkia mrefu. Mwanaisimu hukutana nalo kila anapohesabu maneno katika matini. George Kingsley Zipf alilijadili kwa kina katika kazi zake za mwaka wa 1935 na 1949: maneno machache hurudiwa mara nyingi sana, na maneno mengi sana hutokea mara chache au mara moja tu. Katika matini za Kiswahili, maneno kama 'na', 'ya', 'wa' na 'kwa' hutawala kilele. Mkia nao hurefushwa na vitenzi, kwa sababu mzizi mmoja wa kitenzi huvikwa viambishi vya nafsi, njeo, urejeshi na kauli, na kila umbo huhesabiwa kama neno jipya. Kuzungumzia 'idadi ya wastani ya kurudiwa kwa neno' katika msambao kama huu ni sawa na kutozungumzia neno lolote.

Somo la jumla lilitolewa na Francis Anscombe mnamo mwaka wa 1973. Alitunga makundi manne ya data, kila moja likiwa na jozi 11 za thamani. Wastani, varianzi na uhusiano wa thamani katika makundi yote manne vilikaribiana mno hata mtu asingeweza kuyatofautisha kwa tarakimu hizo. Yalipochorwa, kila kundi lilikuwa na sura yake: moja lilifuata mstari kwa kutawanyikatawanyika, jingine lilipinda, na mengine mawili yalipotoshwa na thamani moja moja iliyojitenga. Data ichorwe kwanza, ndipo ifasiriwe.

Mtawanyiko katika ushairi na mtindo

Mwanafunzi wa ushairi amekuwa akiushughulikia mtawanyiko hata kabla ya kulisikia jina lake. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mnamo mwaka wa 1954, urari wa mizani ulikuwa miongoni mwa nguzo alizozisisitiza. Katika shairi la tarbia lenye mizani 8 katika ukwapi na 8 katika utao, kila mshororo una mizani 16. Kwa lugha ya takwimu, wastani ni 16 na mkengeuko sanifu ni 0. Malenga anayesema kwamba mshororo fulani 'umepungua mizani' anatambua mkengeuko wa -1 kwa sikio lake. Kwa upande mwingine, mashairi huru, kama yale ya Euphrase Kezilahabi katika Kichomi ya mwaka wa 1974, hayafungwi na kanuni hiyo. Ndani yake urefu wa mshororo ni uteuzi wa mshairi, na mtawanyiko wake ni jambo la kufasiriwa.

Kutokana na hayo, hoja muhimu ya kimbinu inajitokeza: kipimo kisichotawanyika hakitofautishi. Tuseme mtafiti anataka kuchunguza iwapo mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo yametungwa na mtu mmoja. Katika tungo za bahari moja, idadi ya mizani haitamsaidia, kwani malenga yeyote aliyeifuata bahari hiyo angepata idadi ileile. Mtafiti atalazimika kutafuta vipashio ambavyo kanuni haikuvifunga: uteuzi wa viunganishi, maumbo ya kilahaja, au viambishi vya njeo.

Utafiti maarufu wa aina hii ulifanywa nchini Marekani na Frederick Mosteller na David Wallace, na kuchapishwa mnamo mwaka wa 1964. Walishughulikia makala 85 za kisiasa zilizotolewa kati ya mwaka wa 1787 na 1788 kwa lakabu, ambapo uandishi wa makala 12 ulizozaniwa kati ya Alexander Hamilton na James Madison. Hatua ya awali ilikuwa kulinganisha urefu wa sentensi. Wastani wa Hamilton ulikuwa maneno 34.55, na wa Madison 34.59. Mkengeuko sanifu ulikuwa 19.2 kwa Hamilton na 20.3 kwa Madison. Wastani haukuwatofautisha, wala mtawanyiko haukuwatofautisha. Watafiti hao hawakuzilazimisha tarakimu ziseme zisilolijua. Walibadilisha kipashio, wakageukia maneno madogo ya kisarufi. Ikabainika kwamba Hamilton alitumia neno la Kiingereza 'upon' takribani mara 3 katika kila maneno 1000, ilhali Madison alilitumia chini ya mara 1. Kwa kutazama msambao wa maneno mengi ya namna hiyo, walihitimisha kwamba kuna ushahidi mzito kuwa makala zilizozaniwa ni za Madison.

Mapendekezo kwa watafiti wa Kiswahili

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, wastani usiripotiwe pasipo kipimo cha mtawanyiko na idadi ya thamani zilizohusishwa. Pili, data ichorwe kabla ya kipimo kuteuliwa: iwapo umbo ni la kengele, wastani na mkengeuko sanifu vitafaa, iwapo limeelemea upande au lina thamani zilizojitenga, mediani na upana wa robo za kati vitafaa zaidi, iwapo lina vilele viwili, vilele vyenyewe ndivyo matokeo. Tatu, kwa majibu ya hojaji, jedwali la idadi ya kila jibu litolewe. Nne, thamani zilizojitenga zichunguzwe moja moja kabla ya kuondolewa, na sababu ya kuziondoa ielezwe kwa msomaji.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba wastani hueleza kitovu cha data, mtawanyiko hueleza umbali wa thamani kutoka kwa kitovu hicho, na msambao hueleza sura ya data kwa jumla. Yeyote anayetegemea kipimo kimoja pekee huweza kuzifanya shule mbili zisizolingana zionekane sawa, kumficha mwanafunzi aliyepata 6 nyuma ya tarakimu 20, au kuitangaza jamii iliyogawanyika kuwa yenye msimamo wa kadiri. Hatua za hesabu zenyewe si ngeni kwa mtu aliyezoea kuhesabu mizani. Kinachohitajika ni subira ya kuzifuata mpaka mwisho, maana kuishia kwenye wastani ni haraka, na methali ya kwanza imekwisha kusema haraka ina nini.